Mechi 80 bila ushindi: acheni kuwacheka vijana wa Prairie View

617 kwa 48.

Hizo ni pointi za msimu mzima wa 1991 za timu ya futiboli ya Kimarekani ya Prairie View A&M, chuo kikuu kimoja cha hapa Texas. 48 ndo walizopata wao kwenye mechi 11, na 617 ndo walizofungwa. Gawanya mwenyewe, inakuja kama pointi 56 za kufungwa kila mechi, na wao kwa wastani hawafikishi hata tachidauni moja maana tachidauni, yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, ni pointi 6. Kuna siku mwaka huo walikutana na Alabama State wakapigwa 92 kwa 0. Mechi 11, vipigo 11, basi.

Na ule ulikuwa msimu mmoja tu kati ya saba za namna hiyo. Mara ya mwisho walikuwa wameshinda Oktoba 1989, waliwafunga Mississippi Valley State 21 kwa 12, halafu hawakushinda tena mpaka Septemba 1998. Mechi 80 mfululizo. Hakuna timu ya chuo Marekani imewahi kufungwa mfululizo namna hiyo, Columbia ya New York walifika 44 miaka ya themanini na ile watu waliiona ni balaa, Northwestern kabla yao walifika 34. Prairie View walipita hapo wakaendelea mpaka karibu mara mbili ya Columbia.

Sasa naandika hii kwa sababu kila msimu ukikaribia kuanza zinarudi zile listi za timu mbovu kuliko zote katika historia, na Prairie View lazima wawepo, mara nyingi namba moja, mistari miwili mitatu ya kejeli halafu mwandishi anahamia timu nyingine. Inaniuma kwa kweli. Mi naishi Houston, chuo chenyewe kipo kama kilomita 80 kaskazini magharibi ya mjini, unashika barabara ya 290 unaenda tu, na kazini kwetu kuna kaka mmoja wa makamo alisoma pale miaka hiyohiyo ya tisini na alivaa jezi yao. Ndo aliyenianzishia hii habari. Hakuwahi kunisimulia kama mtu anayelalamika, anaongea taratibu, anataja majina ya wenzake mmoja mmoja, nani alikuwa anatoka mji gani, nani alikuwa bega limetoka lakini wiki inayofuata yupo uwanjani. Nikaanza kusoma mwenyewe. Na kadiri nilivyosoma ndo nikazidi kuona kwamba zile listi zinahesabu vipigo lakini hazisemi vilitoka wapi, na ukijua vilitoka wapi huwezi kuwacheka tena wale vijana hata kidogo.

Tuanzie mbali. Chuo kilianzishwa 1876, miaka kumi na moja tu baada ya watumwa wa Texas kutangaziwa uhuru wao, na kikawekwa kwenye ardhi iliyokuwa shamba la watumwa, shamba la Alta Vista. Kilikuwa chuo cha vijana weusi kwa sababu vyuo vingine vya serikali ya Texas havikuwa vinawapokea. Ni cha pili kwa ukongwe kati ya vyuo vikuu vya serikali vya jimbo zima, kwa hiyo tukisema Prairie View tunaongelea taasisi nzito, siyo kachuo kalikofunguliwa juzi pembeni ya barabara.

Na kwenye futiboli, aisee. Kocha Billy Nicks, miaka ya hamsini na sitini, ubingwa wa taifa wa vyuo vya watu weusi 1953, 1954, 1958, 1963 na 1964. Mara tano! Kwenye timu zake alipita Otis Taylor, mtoto wa Houston hapahapa, ambaye baadae akiwa na Kansas City Chiefs ndo aliyeshika ile pasi akakimbia nayo tachidauni ya yadi 46 kwenye Super Bowl ya nne, yaani fainali ya ligi kuu ya kulipwa (NFL), Januari 1970, Chiefs wakawapiga Minnesota Vikings 23 kwa 7. Alipita Ken Houston kutoka Lufkin, beki ambaye jina lake lipo kwenye nyumba ya magwiji wa futiboli tangu 1986. Kwa hiyo anayesema Prairie View hawakujua kucheza ajue kwamba kuna kipindi pale ndo palikuwa penye mpira wenyewe.

Lakini kitu ambacho mimi kilinishika zaidi ni hiki. Chuo hakikuwa na timu tu, kilikuwa ndo ofisi kuu ya michezo ya sekondari zote za watu weusi Texas. Kuanzia 1920 hivi kulikuwa na Prairie View Interscholastic League, kifupi PVIL, ndo iliyopanga mechi na mashindano ya shule za weusi jimbo zima, maana chama cha shule za wazungu hakikuwachukua. Mechi zao mara nyingi zilichezwa Jumatano au Alhamisi usiku kwa sababu Ijumaa viwanja walikuwa navyo wazungu. Kutoka humo walitoka watu kama Joe Greene wa Temple na Bubba Smith wa Beaumont, watu waliotikisa ligi kuu. Sasa fikiria kocha wa Prairie View alikuwa na nini mkononi. Kijana akiwa anakua Lufkin au Beaumont au Houston, tangu yupo sekondari ligi anayochezea ina jina la chuo, mwalimu wake wa michezo huenda kasoma palepale, na vyuo vikubwa vya jimbo lake milango imefungwa. Alikuwa anaenda Prairie View kwa sababu ndo nyumbani, na pia kwa sababu kwingine hawakumtaka.

Afu milango ikafunguliwa. 1966 Jerry LeVias akaanza kuchezea chuo cha SMU kule Dallas, na John Westbrook akacheza chuo cha Baylor mwaka huohuo, wachezaji weusi wa kwanza kwenye ligi ile kubwa ya kusini magharibi. Chuo cha Texas pale Austin ndo walichelewa, timu yao ya ubingwa wa 1969 ilikuwa ya wazungu watupu, Julius Whittier akaingia timu ya kwanza 1970. Na 1970 hiyohiyo PVIL ikafa, shule zikaunganishwa, na kwenye kuunganisha huko sekondari nyingi za weusi zilifungwa au kushushwa hadhi na makocha wao wengi wakakuta timu moja tayari ina kocha mkuu mzungu. Miaka saba baadae Earl Campbell, kijana mweusi kutoka Tyler, Texas, anachukua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, akiwa na jezi ya Austin. Miaka ya hamsini kijana huyo asingeweza kuivaa hiyo jezi, na mtu kama Nicks ndo angekuwa wa kwanza kugonga mlango wa mama yake.

Nisieleweke vibaya hapa. Kuvunja ule ubaguzi ilikuwa haki na ilichelewa sana, hakuna mtu mwenye akili atakayetamani zile siku zirudi. Ila namna ilivyofanyika, vyuo vikubwa vilikuja kuchukua vijana bora, wale wenye kasi, wale mabonge wa mstari wa mbele, wale kwotabaki, warusha pasi, waliokuwa tayari, na hakuna aliyekuja na hela kujazia pale walipochukua. Chuo kilichojenga mfumo mzima kwa miaka hamsini kikabaki na uwanja wa zamani na bili. 1976 ilikuwa mara ya mwisho kushinda mechi nyingi kuliko kupoteza, kabla ya kushuka moja kwa moja.

Mwisho wa miaka ya themanini hela za michezo zilikuwa zimeharibika kabisa na 1990 chuo kikasimamisha timu, hawakucheza mwaka mzima. Na walivyorudi 1991 walirudi bila skolashipu. Hapa ndo penyewe, naomba usome taratibu. Kwenye mchezo huu skolashipu ndo mshahara wa mchezaji wa chuo, kwa miaka ile hakukuwa na kingine cha kumlipa kihalali. Wapinzani wao wa ligi moja, kwenye daraja lile, waliruhusiwa kugawa skolashipu sitini na kitu, yaani vijana sitini na kitu waliotafutwa jimbo hadi jimbo, wanaosoma bure au karibu na bure, kazi yao ni darasa na mpira. Upande wa Prairie View anakuja mwanafunzi wa kawaida anayejilipia ada kwa mkopo au anafanya kazi usiku, alicheza sekondari, anapenda mpira, kaona tangazo la majaribio akaenda. Kisha Jumamosi unawaweka uwanja mmoja unasema mchezo uwe wa haki.

Na siyo ligi ya mchezo mchezo ile. SWAC, ligi waliyokuwa wanachezea, miaka ya tisini ilikuwa na Grambling ya Eddie Robinson, kocha aliyestaafu 1997 na ushindi 408. Ilikuwa na Alcorn State ya Steve McNair, ambaye 1994 alikuwa wa tatu kwenye kura za Heisman na mwaka uliofuata akachaguliwa namba tatu kwenye drafti nzima, yaani uchaguzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu. Huyo ndo unakutana naye, na wewe una mtihani Jumatatu na hujalipa kodi ya chumba.

Futiboli ya Kimarekani ina kitu ambacho watu tuliokulia kwenye soka tunachelewa kukielewa. Kwenye soka timu ndogo inaweza kujaza watu nyuma ya mpira, ikabana, ikapata kona moja ikashinda 1 kwa 0, tumeyaona mara nyingi tu. Huku mlango huo ni mwembamba sana. Kila mchezo ukianza watu 22 wanagongana mwili kwa mwili, na ukipungukiwa kilo na nguvu kwenye ule mstari wa mbele unasukumwa, na unasukumwa tena sekunde thelathini baadae, mechi nzima. Timu yenye hela ina wachezaji wa kushambulia, wengine wa kulinda na wengine wa akiba nyuma yao. Timu isiyo na watu, kijana mmoja anashambulia akimaliza anabaki kulinda, robo ya tatu miguu imekwisha, na ya nne ndo zinapoingia zile pointi zinazofanya watu wacheke wakisoma matokeo. 92 kwa 0 haimaanishi wale waliacha kucheza. Kaka yule wa kazini aliniambia ilikuwa afadhali uendelee kucheza kwa nguvu zako zote maana ukilegea ndo unaumia, anayelegea ndo anavunjwa. Nimeifikiria sana kauli hiyo.

Na walikuwa wanajua. Hicho ndo kinachonimaliza mimi. Msimu wa kwanza unaweza kujidanganya, labda wiki ijayo. Lakini aliyejiunga 1996 au 1997 alijiunga akijua kabisa rekodi ya taifa ya kufungwa ni ya kwao, waandishi wa mbali wanakuja kampasi kuandika habari ya huruma au ya kucheka, kwenye televisheni ni kichekesho cha mwisho wa taarifa ya michezo, na bado mazoezini anakuja. Joto la Texas mwezi wa nane ni joto la kuua mtu, halina masihara, na wao wapo uwanjani wamevaa helmeti na mapedi, bure, wanajiandaa kwa msimu ambao kila mtu nje anasema watafungwa mechi zote. Na kweli wakafungwa zote. Na mwaka unaofuata wakarudi. Sijui kuna wimbo gani wa kusifu mabingwa ambao hawa hawastahili beti moja.

Watu wa chuo nao hawakuondoka. Prairie View wana bendi inaitwa Marching Storm, na kama hujawahi kuona bendi ya vyuo vya watu weusi wa Marekani sijui nikuelezeje, ni jeshi zima la matarumbeta na ngoma na wachezaji dansi wanaingia mapumziko na uwanja unasimama. Miaka ile ya vipigo wengi walikuja kwa ajili ya bendi, wengine wanafika karibu na mapumziko na wakimaliza kuiangalia wanaondoka, lakini walikuja, geti likapata kitu. Kiongozi wake alikuwa Profesa George Edwards na alikaa pale miongo mitatu. Bendi ndo iliyoshika jina la chuo timu ilivyokuwa chini, na 2009 mwezi wa kwanza tarehe moja walipita kwenye lile gwaride la Rose huko Pasadena, California, dunia nzima inaangalia.

Ndo maana kilichotokea 1998 kinaniuma hadi leo. Septemba 19 Prairie View walicheza na Southern kule Beaumont, wakafungwa, mechi ya 80. Wakati wa mapumziko bendi mbili zikapishana vibaya uwanjani zikaanza kupigana, vyombo vikavunjika, watu wakaumia. Ligi ikafungia bendi zote mbili mechi mbili. Wiki moja baadae, Septemba 26, timu ikaenda Oklahoma City kucheza na Langston bila bendi yao.

Wakashinda. 14 kwa 12.

Watu waliopiga tarumbeta miaka tisa mbele ya ubao unaosoma arobaini kwa sifuri, hamsini kwa sifuri, siku ya siku hawapo. Sitaki kutetea ugomvi, adhabu ilikuwa halali, lakini nikifika hapo kwenye hii historia huwa nasimama kidogo. Kulikuwa na watu wa kutosha waliosafiri kutoka Texas na wakaingia uwanjani kukumbatia vijana, hilo walau lilikuwepo.

Kuna wanaopunguza ule ushindi, eti Langston ni chuo kidogo, hakipo hata NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo. Ni kweli kinacheza chama cha vyuo vidogo. Ila Langston nao ni chuo cha watu weusi, cha Oklahoma, cha 1897, wana mpira wao na heshima yao na siku ile hawakuja kugawa zawadi, mechi imeisha kwa tofauti ya pointi mbili. Na waliofungwa mechi 80 hawadaiwi na mtu kuchagua nani wa kumshinda.

Kilichobadilisha mambo baadae hakikuwa muujiza. Skolashipu zilirudi kidogo kidogo, hela za michezo zikapangiliwa, akaja kocha Henry Frazier akajenga timu kwa miaka. 2007 wakamaliza na ushindi 7 na vipigo 3, msimu wao wa kwanza mzuri tangu ule wa 1976. 2009 wakachukua ubingwa wa SWAC, waliwafunga Alabama A&M 30 kwa 24 kule Birmingham, ubingwa wao wa kwanza wa ligi tangu 1964, enzi za Nicks. 2016 wakafungua uwanja mpya wa watu 15,000 palepale kampasi. Chuo kilekile, jimbo lilelile, vijana wa aina ileile. Waliwekewa hela na muda wakashinda. Mtu anayetaka kunishawishi kwamba wale wa 1991 tatizo lilikuwa moyo au akili anieleze hii kwanza.

Hata nje ya mpira chuo hiki kina tabia ya kutoondoka. Wanafunzi wake walizuiwa kujiandikisha kupiga kura pale Waller County, afisa wa uandikishaji alikuwa anawaambia wao siyo wakazi, kesi ikaenda mpaka mahakama ya juu kabisa ya Marekani na 1979 wanafunzi wakashinda. Na baada ya kushinda bado miaka iliyofuata wakaendelea kuandamana kwa ajili ya vituo vya kupigia kura. Ukijua hilo huwezi kushangaa kwamba pale palikuwa na vijana wa kuvaa jezi msimu wa saba wa kufungwa.

Ninachotaka mimi ni kitu kimoja na nakisema kwa moyo wote. Historia ya timu ikiandikwa, mabingwa wa Nicks wakitajwa na mabingwa wa 2009 wakitajwa, hawa wa katikati wasirukwe. Wasiwekwe kama aibu iliyopita. Waandikwe majina, mmoja mmoja, kijana wa 1991, wa 1992, mpaka wa 1997, kwa sababu timu isingekuwepo ya kufufua kama wao wasingeicheza. Kama chuo kingekosa vijana wa kuvaa jezi mwaka mmoja tu kati ya ile, futiboli ingefutwa na nina uhakika isingerudi.

Kwa mlioko Texas, kila mwaka kwenye msimu wa maonesho ya State Fair kule Dallas, mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, Prairie View wanacheza na Grambling uwanja wa Cotton Bowl. Nendeni na watoto. Beba maji maana jua la pale saa kumi jioni bado ni kali, ingia mapema, na usitoke baada ya bendi, kaa mpaka robo ya nne iishe. Mashabiki wa zamani utawaona wamevaa zambarau na dhahabu, wengi wana nywele nyeupe sasa, wanapenda kuulizwa walisoma miaka gani. Ukimpata aliyecheza miaka ya tisini mpe mkono, umuulize majina ya wenzake, anayo yote kichwani. Mi nitakuwa upande huohuo wa zambarau.